Picha ya dansi ni ya mchezaji kwanza, kamera inafuata

Siku ya posho, katika sale yoyote ya feti, iwe Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, kuna dakika moja ambayo wageni wote wanaingojea: bwana na bibi arusi wanafungua dansi. Muziki unaanza polepole, familia mbili zinasimama, na hapo hapo watu wenye kamera na wenye simu wanaingia katikati na kuwazunguka kama ukuta. Wazazi waliolipa ile feti wanabaki kutazama migongo. Muziki ukiisha, ukuta unavunjika, na wengi waliokuja kuona dansi hawakuiona.

Kwenye mashindano ya dansi ya vijana wetu mambo ni yale yale, tena yanazidi. Flashi zinawaka machoni mwa anayeruka. Mwenye kamera anapanda jukwaani mbele ya wanaotoa pointi. Kesho yake, kwenye mitandao, msichana aliyefanya mazoezi miezi mitatu anajikuta katika picha iliyopigwa kutoka chini, sketi ikiwa juu, na maneno machafu yameandikwa chini yake. Jina lake halipo, la kikundi chake halipo, hata la aliyepiga halipo. Kicheko cha watu ndicho peke yake kilichopo.

Wengi wanasema hiyo ndiyo kazi ya picha, hakuna namna nyingine. Mimi nakataa. Kupiga picha mashindano ya dansi ni kazi yenye kanuni, na kanuni hizo zimetumika miaka mingi pahali pengine. Hazihitaji makuta mengi. Zinahitaji tukubali jambo moja: picha ya dansi ni ya mchezaji kwanza, kisha ya aliyeipiga, kisha ya sisi tunaotazama. Tukigeuza mpangilio huo, tunamuibia mchezaji.

Wenzetu wa Blackpool

Pahali pa kujifunza ni kwenye mashindano ya dansi za ukumbini, zile ambazo Wafaransa wanaziita danse de salon. Katika mji wa Blackpool, kando ya bahari kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuna mashindano yaliyoanza mwaka 1920 na yanayojulikana duniani kote. Yanafanyika katika Empress Ballroom, ukumbi uliojengwa mwaka 1896. Watu wanatoka Asia, Ulaya na Marekani kwenda kucheza pale.

Dansi zenyewe ziko makundi mawili. Kundi la kwanza lina valsi, tango, valsi ya Vienna, slow foxtrot na quickstep. La pili lina samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jive. Msomaji wa kwetu akifika kwenye neno rumba na neno cha-cha-cha anatabasamu, na ana haki. Mwezi wa kumi na mbili 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la nchi zote mbili, Kinshasa na Brazzaville. Na mwaka 1960, wakati wa mazungumzo ya uhuru kule Brussels, wimbo ambao Joseph Kabasele na African Jazz yake walitoa ulikuwa na neno cha cha katika jina lake.

Ni kweli, rumba ya Blackpool si rumba ya Kinshasa. Ile ya kule ilitengenezwa na walimu wa dansi wa London. Mmoja wao, aliyejulikana kama Monsieur Pierre, alisafiri hadi Cuba baada ya vita vya pili vya dunia ili kuona namna watu wanavyocheza. Lakini muziki wa Cuba ulikuwa na damu ya watu waliotolewa kwa nguvu Afrika, Wakongo wakiwemo. Wengi wetu tumefundishwa kwamba neno rumba lenyewe linatoka kwa nkumba, kitovu katika Kikongo. Kwa hiyo tukitazama namna wale wanavyopigwa picha, hatuangalii kitu cha wageni kabisa. Ni ukoo wetu, hata kama ni wa mbali.

Kazi yenyewe inafanyika namna gani

Kwenye mashindano hayo, ukumbi una njia. Katika valsi, tango au quickstep, wachezaji wote wanazunguka sakafu upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa. Wanaotoa pointi wanasimama pembeni mwa sakafu na wanahitaji kuona miguu. Katika mizunguko ya kwanza wawili wawili wanaweza kuwa wengi pamoja sakafuni, mpaka fainali ambamo mara nyingi wanabaki sita. Kila dansi inachukua dakika moja na nusu hadi mbili hivi. Mwanaume anavaa namba mgongoni.

Mpiga picha anayejua kazi anapangia mambo hayo. Hakimbilii wachezaji. Anachagua pahali pake karibu na kona, anakaa chini ili asiwazibe walio nyuma, na anawangoja, kwa sababu anajua njia itawaleta mbele yake. Mwalimu mzuri wa picha za dansi hukuambia usikilize kabla ya kutazama. Valsi ya mashindano inakwenda kwa mizani 28 hadi 30 kwa dakika, kila mizani ina midundo mitatu. Quickstep inafika mizani 50 au zaidi, kila moja ina midundo minne, ni kusema midundo 200 kwa dakika. Anayengoja aone ndipo abonyeze, amechelewa. Anayesikia muziki anajua mapema lini mwili utafika mwisho wa mstari wake: shingo imenyooka, mkono umefunguka, mguu umefika. Hiyo ndiyo picha.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Mwili wa mchezaji una nusu sekunde ya uzuri, na muda mwingine wote uko njiani kwenda huko. Njiani mdomo unafunguka, macho yanafunga, tumbo linakunjika, sketi inaruka. Bingwa wa dunia mwenyewe, ukimpiga katikati ya hatua mbili, anaonekana kama mtu anayeanguka. Picha hiyo si ya uongo kwa sababu kamera iliona kweli. Lakini haisemi ukweli juu ya dansi, sawa vile neno moja lililokatwa katikati ya hotuba lisivyosema alichotaka msemaji.

Kwa hiyo kazi ya pili, baada ya kupiga, ni kuchagua. Mpiga picha wa mashindano anaweza kurudi na maelfu ya picha kwa siku moja. Anayeheshimu kazi yake anafuta zile zinazomwaibisha mchezaji kabla mtu mwingine hajaziona. Hazitunzi ili acheke nazo na marafiki. Anazifuta.

Flashi nayo ina sababu ya kukatazwa, na mashindano mengi yanaikataza. Mtu anayezunguka kwa kasi anashika pahali alipo kwa macho. Ukimpofusha nusu sekunde, anaweza kugongana na wawili wengine wanaokuja. Mpiga picha anabaki na mwanga wa sale peke yake, na hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Anatumia lenzi inayofunguka sana, f/2.8 ao zaidi. Anapandisha ISO hadi 3200, mara nyingine 6400. Kwa jive anahitaji kasi ya sehemu 1 ya 500 ya sekunde. Kwa valsi, sehemu 1 ya 250 inaweza kutosha. Akitaka kuonyesha mwendo wenyewe, anashusha hadi sehemu 1 ya 30 na kuwafuata wachezaji kwa kamera, sura inabaki wazi na nguo inageuka kama upepo.

Vijana wetu wanaopiga picha wanajua mambo haya. Nimewaona wakifundishana katika kiwanja, kamera moja kwa watu wanne. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni utaratibu wa waandaaji na heshima kwa anayepigwa.

Tulikuwa na wakubwa wetu

Asiseme mtu kwamba utaratibu huo ni mambo ya wazungu. Kinshasa, katika miaka ya 1950 na 1960, Jean Depara alizunguka usiku kwenye bar na ngoma za mji, akapiga picha za watu wakicheza na kustarehe, na alimpiga picha nyingi Franco. Leo, mtu anayetaka kujua Kinshasa ilivaa nini na ilicheza namna gani wakati uhuru ulipokuwa unakaribia, anarudi kwenye picha zake. Watu walio katika picha hizo wanasimama kama wenye mji.

Kule Mali, Malick Sidibé alifanya kazi hiyo hiyo Bamako. Mwisho wa juma alikwenda kwenye feti za vijana, akapiga, akarudi studio usiku na kusafisha filamu. Kisha alibandika picha ndogo ndogo nje ya studio, zikiwa na namba, ili kila mchezaji apite, ajitafute, achague yake na kulipa. Picha yake inayojulikana zaidi, ya mwaka 1963, inaonyesha kijana wa kiume na wa kike wakicheza usiku wa Noeli, vichwa vinakaribia kugusana, wanatazama miguu. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu kule Venice, na alikuwa mpiga picha wa kwanza wa Afrika kupewa zawadi hiyo.

Angalia vizuri zile namba za Bamako na namba ya mgongoni kule Blackpool. Kazi yake ni moja: mchezaji anaweza kuipata picha yake. Sidibé hakuwa na intaneti wala sheria ya mitandao. Alikuwa na ubao, misumari na uhakika kwamba mteja wake ni yule aliyecheza.

Kwetu sisi mashariki jambo hili lina uzito wa peke yake. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Picha ambazo dunia ilipata kutoka miji hii ni za askari, maiti na mama wenye magodoro kichwani. Zinapaswa kupigwa, na wenzangu wanaozipiga wanahatarisha maisha yao. Lakini mtoto wa Kivu atakayetaka, baada ya miaka 40, kujua wazazi wake walikuwa watu gani, asikute vita peke yake. Akute pia kwamba walivaa vizuri na kucheza wawili wawili, na kwamba kuna mtu aliyejua kuwapiga picha. Anayekimbia vita habebi albamu. Picha iliyobaki katika simu moja inapotea na simu hiyo.

Sheria inasema nini

Wapo watakaojibu: aliyepanda jukwaani amekubali kuonekana. Ndiyo, amekubali kuonekana akicheza. Hajakubali kamera iwekwe chini ya sketi yake, wala hajakubali picha yake ipambe tangazo la bia ao la simu bila kuulizwa. Ruhusa moja haizai ruhusa zote.

Katiba yetu, katika kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu. Sheria ya mambo ya kidijitali, namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari zinazomtambulisha mtu, na sura ya mtu inamtambulisha kuliko jina. Watoto wana sheria yao ya kuwalinda, namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009. Na wengi wa wanaoshindana kwenye dansi zetu ni watoto wa masomo, wenye miaka 12, 14, 16. Mzazi anayempeleka binti yake kucheza ana haki ya kujua nani anapiga, na picha zinakwenda wapi.

Lakini haki hiyo ina upande wa pili, na hapa nawatetea wapiga picha. Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986 inalinda mwenye kazi ya ubunifu, na picha ni mojawapo. Kwetu kurasa za mitandao zinachukua picha ya kijana, zinakata jina lake na kuweka lao. Mwandaaji anamuita aje kupiga, anamlipa kwa chupa ya maji, halafu anatumia picha hizo kutafuta wafadhili wa mwaka ujao. Kijana aliyetendewa hivyo, unamuomba amheshimu mchezaji? Mtu asiyelipwa na mchezaji wala na mwandaaji atatafuta malipo yake pahali pengine, na pahali pengine ni zile "like" zinazoletwa na picha chafu. Aibu ya yule msichana na njaa ya yule kijana zina mzizi mmoja.

Najua jibu la waandaaji: mifuko haina kitu, benki zimefungwa, tunafanya kwa moyo. Ni kweli kwamba mifuko haina kitu. Ndiyo sababu ninayopendekeza hayahitaji dola hata moja.

Mambo matano

Kwanza, mwandaaji aandikishe wapiga picha kabla ya siku yenyewe, wasizidi watatu ao wanne sakafuni, na awape pahali. Kona mbili za sakafu zinatosha. Mwingine yeyote mwenye kamera abaki kwenye kiti chake, hata kama ni mtoto wa chef.

Pili, flashi izimwe kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kama sale ina giza, taa mbili zikiwekwa juu na kuelekezwa sakafuni zitawasaidia wote: mchezaji, mtoa pointi na kamera. Baada ya mashindano, washindi wasimame pamoja, na hapo flashi iwake inavyotaka.

Tatu, kila mchezaji avae namba, na picha zipangwe kufuatana na namba hizo. Karatasi na pini zinatosha. Mchezaji namba 17 atume ujumbe, apate picha za 17, achague. Bei itangazwe kwa kipaza sauti kabla ya kuanza, kwa franka, na iwe ile ile kwa wote. Familia nyingi zinalipa picha ya ubatizo na ya diploma. Zitalipa pia ya dansi, kama ni nzuri na kama zinajua pa kuipata.

Nne, kuwe na karatasi moja ya masharti, wapiga picha waitie sahihi: hakuna picha kutoka chini ya nguo, hakuna picha katika chumba cha kubadilisha nguo, hakuna picha ya mtoto kwenye mtandao bila neno la mzazi, na mchezaji akiomba picha yake iondolewe, inaondolewa siku hiyo hiyo. Anayevunja masharti haitwi tena, na waandaaji wengine wanaambiwa.

Tano, jina la aliyepiga liwe chini ya kila picha, na nakala ya picha zilizochaguliwa itunzwe pahali pawili tofauti, moja kwa mpiga picha na moja kwa mwandaaji ao kwenye kituo cha utamaduni. Tunalilia urithi wa UNESCO, lakini urithi unatunzwa na mtu anayeandika tarehe, mji na majina nyuma ya picha.

Na sisi wasomaji tuna sehemu yetu. Picha chafu ya mchezaji inaishi kwa sababu tunaituma. Kila anayeituma kwa kicheko amelipa aliyeipiga na kumwambia alete nyingine. Ukiiona, usiitume. Tafuta ile nyingine, ambayo shingo imenyooka na mkono umefunguka, na uulize chini yake: nani huyu anayecheza vizuri hivi, na nani amempiga? Maswali hayo mawili yakizoeleka Goma, Bukavu na Bunia, mchezaji atapata jina lake na mpiga picha atapata kazi.